Siku Kumi na Baiskeli ya Kike

Watu walimwita Sikio, na si kwa sababu masikio yake yalikuwa makubwa, ingawa ukweli usemwe, madogo hayakuwa. Alikuwa fundi baiskeli kwa miaka arobaini na mmoja, na kazi yake aliifanya kwa kusikiliza kwanza, spana baadaye. Ukimpelekea baiskeli hakukuuliza ina nini. Alikuambia uipande uende mpaka kwenye nguzo ya taa na urudi, naye akatembea kando yako, mikono kaifunga mgongoni, kichwa kakiinamisha kama mtu anayedokezwa umbeya. Mkirudi alikuwa ameshajua: gololi mbili zimepasuka kwenye habu ya nyuma, kule kitovuni mwa gurudumu, au cheni imelegea, au breki inagusa rimu upande mmoja. Alikosea mara chache mno, na hizo chache alizikumbuka zote.

Alikuwa na daftari lake pia. Kila baiskeli ilipewa mistari miwili: Tatizo, na chini yake, Chanzo. Wateja wengine walikuja na malalamiko ya ajabu. Karani mmoja mnene alishikilia kwamba baiskeli yake inavuta kushoto. Sikio alitembea naye mpaka nguzoni na kurudi, kisha akamwambia atoe rundo la funguo kwenye mfuko wa kushoto na akae katikati ya kiti. "Nyani haoni kundule," alimwambia, na karani akacheka, maana Sikio alijua kukutukana ukamshukuru. Daftarini aliandika: Tatizo, inavuta kushoto. Chanzo, mwenyewe.

Sasa, maradhi hayachagui fundi. Nyonga yake ya kulia ilianza polepole, ikawa inauma akiinuka, kisha akiinama, kisha ikawa inauma tu. Siku moja alishindwa kurusha mguu juu ya bomba la baiskeli yake. Akaiegemeza kwenye ukingo wa barabara ajaribu tena, akaanguka nayo mbele ya watu waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi. Jioni ile aliitundika ukutani na hakuishusha tena. Mke wake alikuwa amemwambia mapema aende hospitali, akakataa, mkewe akamtania, "Sikio la kufa halisikii dawa." Alipokwenda, daktari alitazama picha akasema nyonga imelika, mfupa unasaga mfupa. Kuibadilisha kuna foleni ndefu, na kwa moyo wake ulivyochoka, hata zamu yake ikifika huenda wasikubali kumpasua. Alipewa vidonge vya asubuhi na vya jioni.

Kibanda chake kilikuwa kilomita tisa kutoka nyumbani, ng'ambo ya kilima, kando ya lango la kiwanda cha mabati. Kituo cha basi kilikuwa nusu saa kwa mwenye miguu mizima, na kwake saa nzima na jasho la maumivu. Kwa hiyo alifungua kibanda siku mbili tu kwa wiki, zile ambazo mkwe wake, dereva wa lori la kokoto, alipita njia hiyo. Mwenye kiwanja alimvumilia, akamvumilia, mwishowe akaja kusimama mlangoni.

"Mzee, kibanda kinachofungwa siku tano hakinifai," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Kuna fundi simu anakitaka. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukifungua kila siku, ni chako kama zamani. Ukishindwa, tusilaumiane."

Kibanda chenyewe kilikuwa mbao na bati tu. Lakini bila kibanda kilichobaki ni kiti cha dirishani pale nyumbani, na Sikio alikiogopa kiti kile. Alikuwa ameshakikalia siku tano kwa wiki na alijua kinavyomfanyia mtu. Unakaa, unatazama watu wanaokwenda kazini, na kila anayeingia ndani anakuuliza kama umekunywa dawa. Hakuna anayekuuliza kitu kingine. Aliogopa, na hakumwambia mtu kwamba anaogopa.

Aliyepata wazo ni kitinda mimba wao, muuguzi katika mji mwingine. Alipiga simu Jumamosi.

"Baba, kuna baiskeli za umeme siku hizi. Nimekuonea moja, ya kike. Huna haja ya kurusha mguu, unapita tu katikati kama unavuka kizingiti. Ina matairi mapana, hata kwenye mchanga haizami."

"Ya kike?" alisema Sikio.

"Baba, unataka kufika au unataka kuonekana?"

Mke wa Sikio, aliyekuwa kando akisikia yote, alicheka mpaka akakohoa.

Duka lilikuwa na utaratibu wake. Unaichukua baiskeli, unakaa nayo siku kumi. Ikikupendeza unailipia, isipokupendeza unairudisha. Sharti lilikuwa moja: kwenye habu ya nyuma, iliyo na mota ndani, kumebandikwa stika ya rangi ya fedha. Stika ikichanika, baiskeli ni yako kama ilivyo, na usirudi dukani na neno. Muuzaji, dada mwenye miwani, alilirudia hilo mara mbili, kwa kuwa kitinda mimba alikuwa amemwonya kwenye simu baba yake ni mtu wa namna gani.

"Mzee, hii haifunguliwi."

"Nimesikia," alisema Sikio. "Tangu nizaliwe sijapanda baiskeli ambayo sijaifungua, lakini nimesikia."

Hela za kuilipia zilikuwa za masomo. Kitinda mimba alitaka kusomea ukunga na alikuwa amejiwekea akiba miaka minne. Masomo yatangoja, alisema, baba hangoji.

Siku ya kwanza Sikio hakuipanda. Aliizunguka. Aliipima kwa mizani ya gunia ya jirani, ikagota kilo thelathini na nne, na akasema hiyo si baiskeli, ni ndama. Alibonyeza matairi, yakawa mapana kuliko kiganja chake. Alizungusha magurudumu, akavuta breki, akawasha taa, akapiga kengele na kuitukana kengele. Daftarini alianza na mabaya, kwa sababu mazuri ya kitu kipya hata mjinga huyaona: Nzito. Chaji ikiisha mlimani umekwisha. Kengele ya kitoto. Kisha akaongeza, bila kupenda: Rangi nzuri.

Siku ya pili alipitisha mguu pale katikati na ikawa kweli, kama kuvuka kizingiti. Alikanyaga pedeli, na kitu kikamsukuma kwa nyuma taratibu, kama mtu anayekutakia mema. Kilima alichokuwa akikipanda kwa kuhema hata alipokuwa kijana alikimaliza akiwa amefumba mdomo. Juu kabisa alisimama, si kwa kuchoka, alitaka tu kutazama nyuma. Machozi yalimlenga, akayasingizia upepo.

Langoni wafanyakazi wa mabati walikuwa wakiingia zamu.

"Sikio, hiyo umemnyang'anya mkeo?" mmoja alimwita.

"Mkeo ndiye kaniazima," alijibu, na lango zima likaangua kicheko. Alifungua kibanda saa moja na robo. Alifungua siku ya tatu pia, na ya nne, na ya tano. Siku ya tano mwenye kiwanja alipita, akagonga mbao za kibanda kwa vidole, akasema, "Naona, mzee," na akaendelea na njia yake. Daftarini Sikio aliandika: Kwenda kazini, inafaa.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Aliweka mto kwenye keria, akampakia mke wake, wakaenda mpaka bwawani, mahali walipokuwa wakienda zamani kabla ya watoto. Mke wake alikaa kwa ubavu, miguu yote upande mmoja, mkono mmoja kiunoni kwake, akisema, "Polepole, mzee wangu, huku nyuma nina mifupa." Njia ya bwawani ni ya mchanga, na matairi yale yaliupita mchanga bila neno. Walikula mayai ya kuchemsha na mkate, wakamsengenya mkwe wao kidogo, wakatazama maji.

"Nilidhani ya kutoka pamoja yamekwisha," alisema mke wake.

"Na mimi," alisema Sikio.

Ni wakati wa kurudi ndipo alipousikia mlio. Njia ilikuwa kimya, hapana gari, hapana mtu, na baiskeli yenyewe ilikuwa kimya kuliko baiskeli yoyote aliyowahi kuipanda. Ndani ya kimya kile kulikuwa na kitu: tik. Kila pedeli ya kulia inapofika juu, tik. Mgongo wake ulinyooka.

"Nyamaza kidogo," alimwambia mke wake. "Kuna kitu kinalia."

Mke wake alisikiliza. "Mimi sisikii kipya," alisema, na akaendelea na habari za dada yake.

Sasa mimi ningekuwa Sikio ningemuuliza mwanamke yule, kipya maana yake nini? Lakini fundi akishasikia mlio hasikii kingine.

Siku ya saba aliisikiliza kazini kwenda na kurudi. Tik, tik, tik, mlimani zaidi. Aliinua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedeli kwa mkono: kimya. Akaipanda: tik. Basi mlio unakuja ukiwepo uzito tu. Siku ya nane alitaka kufanya alichofanya miaka yote, mwingine apande, yeye atembee kando. Alimwomba fundi cherehani wa kibanda cha jirani, mama mwenye heshima zake, aende mpaka nguzoni. Sikio akaanza kutembea naye, kichwa kakiinamisha. Hatua ya kumi nyonga ilimkamata, akabaki kashika ukuta wa kiwanda, baiskeli ikaenda na kurudi bila yeye.

"Mbona haina mlio wowote, Sikio?" alisema fundi cherehani aliposhuka.

"Wewe masikio yako yamejaa cherehani," alimjibu, na jambo hilo akaliacha pale, hakulichukua tena.

Alipiga simu dukani. Muuzaji alimsikiliza vizuri, akasema ailete, ataipeleka kwa mafundi wao makao makuu, majibu wiki sita. Ya kumpa badala yake hakuna, ya namna ile ilibaki hiyo moja. Wiki sita, na mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja. Akahesabu kichwani. Kwa mlio unaokuja na uzito, alijua chanzo ni kimoja: ndani ya mota lazima kuna meno, na jino moja limepasuka. Likikatika ni mlimani, baada ya siku kumi kwisha, na masomo ya mtoto yameshalipia chuma kibovu. Akijua kwa hakika leo, atamwambia mtoto asilipe. Na ikiwa ni jambo dogo atalitengeneza mwenyewe, kibanda kipone. Alikata shauri. Dakika kumi tu, alijiambia, kufungua na kufunga.

Siku ya tisa, alasiri, mke wake alikuwa amekwenda kwa dada yake. Angekuwepo, hadithi hii ingekwisha kwa kicheko. Sikio alibeba birika la maji yanayotoka mvuke mpaka uani, akaielekezea stika mvuke kama alivyojua kufanya na stika nyingine zote za dunia. Nusu yake ilibanduka safi. Nusu ya pili ilichanika.

Alikaa akiitazama. Kisha, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki, alifungua skrubu zote, akavuta kifuniko. Kikang'ang'ana, akakivuta zaidi, kikatoka na mota yote.

Ndani kulikuwa kusafi. Vigurudumu vitatu vyeupe vya meno, vimepakwa grisi kwa kipimo, vimekaa kama mayai kwenye kiota. Alipitisha ukucha kwenye jino moja moja, akihesabu. Hakuna lililopasuka, hakuna lililolika. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuifanya, na aliona wivu, kisha akafurahi. Haina kosa, alijiambia. Nitaifunga, stika nitaungama, na nitakwenda kazini.

Lakini miaka arobaini na mmoja ya habu ilikuwa ya habu za gololi na grisi. Habu yenye sumaku hakuwahi kuikuta. Aliishika mota kwa vidole, akairudisha taratibu mahali pake kama anavyorudisha ekseli, na ilipokaribia, sumaku ziliinyakua mkononi mwake. Ilijipiga ndani kwa kishindo. Nyaya zilizokuwa zimejikunja pembeni, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo, zilibanwa katikati na kukatwa zote mara moja. Alizisikia zikikatika. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Aliunga alizoweza kuziona. Akafunga, akabonyeza kitufe. Kioo kidogo cha kwenye usukani kikawaka, kikaandika namba nyekundu ya hitilafu, na gurudumu halikwenda popote. Alizima, akawasha. Namba ile ile. Akafungua tena, akaunga upya, akafunga. Namba ile ile. Sasa ilikuwa kweli ndama, kilo thelathini na nne za chuma, na hapakuwa na mguu wa kuisukuma mlimani.

Aliketi kwenye kigoda. Uani kulikuwa kimya, majirani wote kazini. Baada ya muda akainuka kufuata koleo.

Tik.

Alisimama hapo hapo. Baiskeli ilikuwa imelala ubavu hatua tatu kutoka kwake, gurudumu lake la nyuma limeegemea ukuta. Aliketi tena polepole. Akainuka. Tik. Akaweka kiganja juu ya nyonga ya kulia, akainua goti kama anayefuata pedeli juu, na akausikia kwa mkono na kwa sikio pamoja.

Mke wake alimkuta amesimama vile vile, mkono nyongani. Alitazama vyuma vilivyotapakaa, akatazama stika, akaweka mkoba chini.

"Umeifungua."

"Umesikia?" alisema Sikio. Akainua goti tena. "Huu mlio."

"Huo wa mguu wako?" alisema mke wake. "Si ni mwaka wa pili huu. Ukipanda kitandani unalia, ukishuka unalia. Nilidhani unajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mzee wangu? Wewe ndiye Sikio."

Na angeujuaje? Baiskeli yake ya zamani ilikuwa na kelele za kutosha watu wawili. Kibandani kulikuwa na nyundo, langoni malori. Dirishani alikaa tuli. Ilihitajika baiskeli isiyo na kosa hata moja ndipo ausikie. Mke wake aliinama akaanza kuokota skrubu moja moja na kuziweka kwenye kikombe, ingawa hazikuwa na kazi tena.

Asubuhi ya siku ya kumi mkwe alipita na lori, si kumpeleka kazini. Alitumwa akachukue sanduku la spana kibandani, na alilileta, na ufunguo akamwachia mwenye kiwanja. Sikio alikuwa amekaa dirishani, daftari mapajani. Alikuwa ameshaandika. Tatizo, mlio. Chanzo, mwenyewe.

Simu ikalia.

"Baba, leo ndiyo leo," alisema kitinda mimba. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu. "Umeionaje?"

"Ni nzuri," alisema Sikio. "Ni nzuri sana. Mama yako nimempeleka bwawani."

"Kaniambia. Haina tatizo lolote?"

"Haina kosa hata moja. Nimeikagua mpaka ndani."

Kitinda mimba alikuwa amekulia kwenye harufu ya grisi, na kazi yake ilikuwa kuwasikia watu wasichokisema.

"Mpaka ndani wapi, baba?"

Sikio alitazama nje. Barabarani watu walikuwa wakienda kazini. Kitinda mimba alingoja, akavuta pumzi, na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine, laini na ya polepole, ile anayoitumia wodini.

"Sawa, baba. Usijali. Nitalipa," alisema. "Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa," alisema Sikio.